Mwaka Niliozua Joka la Korongoni

Redempta alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa kibarazani kwangu Morogoro mjini napepeta mchele. "Dada Mela, shikamoo. Dada Leokadia ametutoka." Redempta ni binti wa marehemu mama yangu mkubwa, yule niliyeishi kwake milimani, juu ya Matombo, kwa mwaka mmoja nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, na siku hizi ndiye pekee aliyebaki wa kunipasha habari za kule. Nikamuuliza lini, akasema alfajiri ya leo. Nikamuuliza mazishi, akasema kesho saa nane mchana. Nikadhani amemaliza, nikawa natafuta maneno ya kumpa pole, ndipo aliposema lile lililonifanya niweke ungo chini. "Kaka Kosmas amesema uje. Amekutaja kwa jina lako. Amesema usije ukatuma rambirambi kwa simu kama misiba mingine."

Sikuweza kumlaumu. Leokadia alikuwa mke wa Kosmas, jirani wa ukuta kwa ukuta na mama mkubwa, na kwa miaka arobaini na zaidi nimekuwa nikiwakwepa watu hao wawili kwa adabu kubwa. Nilituma salamu, nilituma vitenge, nilituma dawa za presha. Mwenyewe sikwenda ila mara tatu, na zote nilikaa saa chache nikasema gari linaniacha. Huku mjini watu wananifahamu kama Bibi Mela, mwalimu mstaafu anayewaandikia watoto vitabu vya mazimwi na mambo yasiyojulikana: nyayo kubwa juu ya mwamba, taa inayotembea mlimani bila mtu, samaki mwenye sauti ya mwanamke. Watoto wanavipenda. Kinachopendwa kupita vyote ni kile chembamba chenye jalada la kijani, kinachosimulia joka la Uluguru lenye kilemba chekundu kama cha jogoo, joka linalowika. Nimekaribishwa shule nyingi kukisoma kwa sauti, na kila nilipokwenda kuna mtoto aliyenyoosha kidole akauliza, "Bibi, ni kweli uliliona?" Huwa natabasamu na kujibu, "Wewe unaonaje?" Darasa zima hupiga kelele, walimu hucheka, nami hupewa soda. Wanadhani ni jibu la mtu mwenye busara. Ni jibu la mwoga, na ninalijua hivyo tangu siku ya kwanza nilipolitumia.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa shida ya kila kitu. Sabuni haikuwapo, tulifulia majani ya mpapai. Sukari haikuwapo, na tulikuwa mkoa wa miwa. Kwa mama mkubwa tulikunywa chai ya mdalasini na kipande cha muwa mkononi, unatafuna, unapiga funda, unatafuna tena. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vitatu, ya udongo, iliyopigwa chokaa upande wa mbele tu. Chumba tulicholala mimi na Redempta, aliyekuwa na miaka minane, kilikuwa pia ghala: chini ya kitanda ndizi mbivu zilizofunikwa majani makavu, pembeni magunia ya pilipili manga, na juu ya kamba magome ya mdalasini yakikauka. Harufu ile iliingia kwenye sare yangu ya shule hadi kwenye daftari. Jiko lilikuwa nje, dogo, jeusi kwa moshi, na ndimo maisha yote yalimokuwa. Wanawake wa jirani walikuja humo kumenya ndizi na kutwanga kisamvu, wakiongea Kiluguru haraka haraka, na nilipoingia waligeukia Kiswahili, jambo lililonifanya nijue kuwa walikuwa wakinisema. Siku moja nilisimama nyuma ya ukuta wa fito nikasikia. "Mtoto wa mjini huyu hata ndoo haibebi. Akifika maji yamebaki nusu." Wakacheka. Sauti moja tu haikucheka, ya Leokadia, aliyekuwa ameolewa mwaka mmoja nyuma na hajatimiza ishirini. Alisema, "Muacheni. Mimi mwenyewe shingo yangu ilikomaa lini?" Kesho yake alinichukua hadi kisimani akanifundisha kusokota ngata ya majani ya mgomba ikakaa kichwani bila kuteleza. Hakunisimanga hata mara moja. Nayaandika haya mapema ili nisije nikajisahaulisha alikuwa mtu gani kwangu.

Kati ya kitongoji chetu na misheni kulikuwa na korongo. Njia ya mkato ilishuka humo, ikavuka kijito kwa mawe, ikapanda upande wa pili hadi barabara ya misheni, palipokuwa na kanisa, shule, duka la ushirika na zahanati. Kwa mguu wa mtu mzima ni nusu saa. Njia nyingine ilizunguka kwa juu, mgongoni mwa mlima, na hiyo ilitaka saa mbili, zaidi kama kumenyesha. Kila mtu alipita korongoni.

Siku moja mama mkubwa alinituma dukani kuchukua mafuta ya taa, maana yalikuwa yamefika baada ya wiki nyingi za kukosekana, na kila nyumba ilipewa chupa moja. Nilipanga foleni tangu asubuhi, nikapata. Wakati wa kurudi nilifika kijitoni nikaanza kucheza. Nilikuwa peke yangu, hapakuwa na wa kunicheka, nikaruka jiwe hadi jiwe nikiwa na chupa mkononi, na kwenye jiwe la nne mguu ukateleza. Chupa ilivunjika. Mafuta yakasambaa juu ya maji yakiwa na rangi nzuri, ya zambarau na kijani, nami nikasimama nikiyatazama yakiondoka. Sikuogopa kipigo, mama mkubwa hakuwa mtu wa kupiga. Niliogopa lile jiko. Niliwasikia kabisa watakavyosema: mtoto wa mjini hata chupa haibebi. Wiki hiyohiyo wanawake walikuwa wamezungumza habari za nyoka wa zamani, na mmoja akasema babu yake aliapa kuwa huko msituni kuna joka lenye kilemba kama jogoo, na lina sauti. Nikiwa bado nimesimama kwenye maji, jogoo wa nyumba moja ng'ambo akawika. Ndivyo ilivyokuwa, haikuchukua muda zaidi ya huo. Nikaanza kupiga kelele, nikakimbia kupanda juu, nikapiga kelele njia nzima mpaka nikaziamini mwenyewe.

"Mama mkubwa! Nyoka! Nyoka mkubwa!" Alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Amekuuma?" "Hapana. Ana kilemba chekundu, mama mkubwa. Ameinua kichwa hivi, akawika." Aliutupa mwiko. Alinikumbatia, nikinuka mafuta ya taa mwili mzima, na chupa hakuiuliza kabisa. Tangu nifike kwake hakuwa amenikumbatia, hakuwa mtu wa mambo hayo. Alinikalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, akanipa togwa, na wanawake walewale wakaja wakakaa chini kunizunguka, na mmoja wao, yule aliyenicheka ndoo, akanifuta miguu kwa kanga yake. "Sema taratibu, mwanangu. Lilikuwa na urefu gani?" Nikasema. Nilipoona macho yao yanavyofunguka nikaongeza. Mama mkubwa alisema neno moja tu la kunizuia, kwa sauti ya chini: "Mela, huku kwetu kuna nyoka wa kuheshimiwa. Wazee walikwenda pangoni kwa Kolelo, nyoka wa matambiko, kwa magoti. Ukisema umeona, uwe umeona." Nikasema nimeona.

Kwa wiki mbili zilizofuata nilikuwa mtu. Kila jioni kabla jua halijazama watu walikuja uani, mkeka ukatandikwa, na mimi nikasimulia. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kazi yangu, siwezi kuuficha. Pale uani ndipo nilipojifunza mahali pa kunyamaza kidogo kabla ya kusema "likawika", na namna ya kushusha sauti ili watu wasogee. Joka lilianza na urefu wa mtu, likawa la minazi miwili. Kilemba kikaanza kuwaka. Shuleni, Vitalis wa darasa letu, aliyekuwa mbabe wa kila kitu, hakuweza kuvumilia kupitwa, akasema naye ameliona, tena mkia wake. Nilijua anadanganya, na nilimwitikia: "Ndiyo, mkia wake ni huohuo." Tukawa mashahidi wawili. Mwisho mjumbe wa nyumba kumi akaitisha mkutano, akauliza mbele ya watu wote kama tuna uhakika, na baada ya hapo wanaume wakakata miiba wakaiziba njia ya korongoni. Kuanzia siku hiyo kila mtu alizunguka mlimani. Vikongwe wenye magoti mabovu walizunguka. Wanafunzi tuliondoka nyumbani alfajiri badala ya saa moja. Nami nilizunguka pamoja nao nikilalamikia umbali kama wengine, na nilipochoka sana nililichukia lile joka kwa moyo wangu wote.

Leokadia alikuwa mjamzito. Tumbo lilipokua hakuweza kulima, akawa anashinda jikoni kwetu akimung'unya udongo wa kichuguu aliouficha kwenye pindo la kanga. Masika yalikuwa yameanza, mvua inapiga bati la nyumba hadi hatusikiani, ila jiko lilikuwa la makuti na humo tuliongea vizuri. Tulikula mashelisheli ya kuchoma na chumvi. "Mela, hebu nisimulie tena," alikuwa akisema. "Lile la kuwika." Nami nilikuwa nikiwika. Siku moja alinishika mkono akauweka tumboni kwake. "Wika tena. Umeona? Anacheza ukiwika. Atakuwa mtoto wa vituko huyu." Nikawika, na kitu kikapiga kiganja changu kutoka ndani, na sisi wawili na Redempta tukacheka mpaka mama mkubwa akauliza kuna nini. Nimekuwa na watoto wangu wanne na wajukuu. Tumbo ninalolikumbuka mkononi ni lile.

Uchungu ulimshika Jumamosi asubuhi, kabla ya siku zilizotarajiwa. Mama mkubwa aliingia kumwangalia, akatoka na uso ambao sijawahi kuuona kwake. "Mtoto amekaa vibaya. Zahanati, sasa hivi." Wanaume wanne wakafunga blanketi kwenye miti miwili kuwa machela, wakamlaza, Kosmas akashika mbele. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, mawingu yamekaa chini, na kitongoji kizima kikafuata nyuma hadi kwenye njia panda, pale kwenye miiba. Hapo Kosmas akasimama. Alikuwa kijana mrefu, mpole, fundi wa kujenga, mtu ambaye nilikuwa sijamsikia akipandisha sauti. "Tupite huku," alisema. "Ni hapa tu." Wale wengine hawakusogea. "Kosmas," mmoja alisema, "tukiumwa sisi, mkeo atabebwa na nani?" "Nitatangulia na panga." "Joka la namna ile panga linalifanya nini?" Leokadia alikuwa amelala ubavu, anauma kanga, halii. Kosmas akageuka, akanitafuta kwenye watu, akanipata.

"Mela, njoo, mdogo wangu. Wewe ndiye uliyeliona. Lilikuwa upande gani? Hatuwezi kupita kando yake?"

Hakunisogelea kwa hasira. Aliniuliza kama mtu anayeuliza njia. Watu wote walinitazama: mama mkubwa, Vitalis, mjumbe, wale wanawake wa jikoni. Nimekuwa nikijiambia kwa miaka mingi kwamba nilinyamaza. Hata padri nilimwambia hivyo nilipoungama nikiwa mtu mzima, kwamba nilinyamaza palipohitajika kusema, naye akanipa kitubio cha mtu aliyenyamaza. Si kweli. Sikunyamaza. Niliulizwa swali nikajibu. Nilisema, "Liko katikati ya njia, kaka. Na pango lake liko palepale kijitoni." Tena nilisema vizuri, nikashusha sauti mwishoni kama nilivyozoea uani. Kosmas alinitazama kidogo, akainama, akashika mti wa machela. Wakapanda njia ya mlimani. Mama mkubwa akawafuata na kanga safi begani, na mvua ikaanza upya kabla hawajapotea kwenye migomba.

Nilibaki na Redempta. Nilichota maji, nikawasha moto, nikapika uji mwingi kupita kiasi kwa ajili ya watu watakaorudi wamelowa. Redempta aliuliza mara kwa mara, "Wamefika?" nami nikamjibu wamefika. Mama mkubwa alirudi alasiri akiwa peke yake, tope limefika magotini, kanga begani haipo. Nikamwekea uji. Hakuugusa. Alikaa kwenye kigoda akitazama moto. "Leokadia yuko zahanati, atapona," alisema. "Mtoto hatunaye. Alizaliwa njiani." Kisha akasema, "Njia ilikuwa ndefu." Hakunitazama aliposema hivyo, na mpaka anakufa sikujua kama alikuwa ananiambia mimi au alikuwa anasema tu.

Kitu kibaya zaidi kilikuja wiki tatu baadaye, na kilikuja kwa upole. Nilikuwa nikimenya ndizi jikoni, Leokadia akaingia akitembea taratibu, tumbo limelegea chini ya kanga. Nikamwamkia, nikarudi kumenya. Akakaa karibu yangu. "Mela, nimekuja kukushukuru." Nikainua kichwa. "Nimelala pale zahanati nikawaza. Kosmas alitaka tupite kule. Kama si wewe tungepita, tungeondoka wote, mimi na mtoto na wale waliotubeba. Wewe ulituokoa sisi wengine. Mungu hakutaka tuishe wote." Alikuwa ameniletea karanga alizokaanga mwenyewe, zimefungwa kwenye karatasi, bado zina moto. Nikazipokea kwa mikono miwili. Nikasema asante, dada. Nikazila zote mbele yake kwa sababu alikuwa ananitazama nikila, na zilikuwa tamu. Hapo palikuwa na nafasi ya kusema, tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa na moshi. Lakini nilishaona alichokishika. Alikuwa amepata mahali pa kuliweka jambo lake likakaa, na mahali hapo nilipajenga mimi kwa uongo, na nikajidanganya kuwa kunyamaza kwangu ni kumhurumia.

Kosmas hakunisemesha tena mwaka ule. Nilimwona asubuhi nyingi akivuka miiba na kushuka korongoni na panga, akarudi mchana suruali imelowa. Watu walisema majonzi yamemgeuza akili. Nilifanya mtihani wa darasa la saba, nikarudi mjini. Wao hawakupata mtoto mwingine. Mimi nikawa mwalimu, na mwaka mmoja darasa langu lilipokosa kitabu cha kusoma niliwasimulia habari za joka, nikaona yale macho yanafunguka vilevile, nikaenda nyumbani nikaandika. Kilipotoka, Redempta aliniambia Leokadia amemwomba amtafutie nakala. Hakujua kusoma vizuri, akasomewa na watoto wa jirani, na akakihifadhi sandukuni pamoja na kitabu chake cha sala. "Anasema ndani yake umesema ukweli mtupu," Redempta aliniambia, akifurahi kwa niaba yangu.

Kwa hiyo Alhamisi nilikwenda. Barabara ya Matombo mvua zilikuwa zimeifanya mashimo matupu, na nilifika watu wamekwisha kutoka kanisani. Nilimwaga udongo wangu kiganja kimoja kama wengine. Kosmas alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kaburini, mzee mkavu mwenye kofia ya sufu. Nilipiga goti. "Shikamoo kaka. Pole sana." "Marahaba. Kaa, Mela. Watu wakipungua tutaongea." Walipungua kwenye saa kumi na moja. Tukabaki nyuma ya nyumba, kwenye magogo, wali wa msibani ukipoa kwenye sahani zetu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na bado nilianza vibaya. Nilisema, "Kaka, lile joka." Akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Hakuna joka. Nililitafuta mwezi mzima. Nilitaka kuliua. Niligeuza kila jiwe pale kijitoni, nikaingia kila tundu. Pango ulilolisema halipo. Mtu akisema pango lipo palepale na pango halipo, basi na vingine havipo." Alisema bila kupandisha sauti, kama siku ile. "Sikumwambia Leokadia. Ningemwambia ili iweje? Yeye alilala usingizi kwa sababu ya joka lako. Mimi ndiye niliyelala nalo macho."

Nikamwambia kila kitu: chupa, jiwe, jogoo wa ng'ambo, wanawake wa jikoni. Nililia, na nikajichukia kwa kulia, kwa sababu mfiwa alikuwa yeye. Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alikula matonge mawili ya wali, akasema, "Mimi nimenyamaza kwa ajili yake. Sasa hayupo. Waambie watu."

Niliwaambia kesho yake asubuhi, ndugu na majirani walipokaa chini ya turubai kwa mazungumzo ya kumaliza msiba. Nilisimama nimeshika nguzo ya turubai, mimi niliyezoea kusimama mbele ya mamia ya watoto bila wasiwasi. Nikasema nilidanganya, hapakuwa na joka, nilivunja chupa ya mafuta nikaogopa kuchekwa, na njia ilizibwa bure, na marehemu alizungushwa mlimani bure.  Kisha mzee mmoja mnene mwenye fimbo akakohoa, nikamtambua kuwa ni Vitalis. "Mwalimu, msiba umekuchosha," alisema kwa huruma. "Mimi nililiona. Mkia wake nauona mpaka leo." Nilimtazama machoni nikitafuta yule mvulana aliyejua, na hakuwepo. Alikuwa analiamini. Mama mmoja akaongeza kuwa mjomba wake alilisikia mwaka juzi. Mwingine akasema watoto wa shule hawashuki kule hata wakipewa pipi, na wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kupunguza uzito. Mtu akanishika bega akanikalisha. Redempta akaniletea chai. Hakuna aliyenikasirikia, na hilo lilikuwa gumu kuliko nilivyofikiria, kwa kuwa nilikuwa nimekwenda kupokea hasira yao na nikarudishiwa heshima yangu ileile, nzima, kama mzigo ambao mwenyewe amekataa kuupokea.

Kosmas hakusema neno pale. Watu walipotawanyika alinyanyuka, akanipa ishara nimfuate hadi kwenye mikarafuu, kwenye kaburi la jana lenye maua yaliyoanza kunyauka. Kando yake palikuwa na mawe madogo yaliyopangwa mviringo, yameota kuvu, na katikati majani yamepaliliwa vizuri. Jana sikuyaona, au nilikataa kuyaona. "Alikuwa akipalilia mwenyewe kila Jumamosi," alisema. "Sasa nitapalilia mimi." Tukasimama. Nikamuuliza kama kuna chochote anachotaka nifanye, nikitegemea atasema nikichome kile kitabu, na ningekichoma. Akafikiri. "Joka umeliandika," alisema. "Huyu hujamwandika. Ana jina. Mamako mkubwa ndiye aliyembatiza. Hakukwambia?" Hakuniambia. Aliishi miaka ishirini na sita baada ya siku ile na hakuniambia.

Aliitwa Yustina. Alipumua, Kosmas alisema, kwa muda wa mtu kusali Baba Yetu mara mbili, na alikuwa na nywele nyingi. Mama yangu mkubwa alimbatiza kwa maji ya mvua yaliyotuama kwenye jani la mgomba, akamfunga ile kanga safi ya begani, pale juu mgongoni mwa mlima, kwenye njia niliyowaonyesha mimi.